Yai la Jumapili

Wodi ya Watoto, Moshi
Jumanne, 11 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Natumaini unaendelea vizuri, na masikio yako pia, ingawa utasema masikio yalistaafu kabla yako. Sisi wa wodini hatujambo. Thadeus ameshusha maziwa yake mjini, ameniletea ndizi na barua yako, sasa anasubiri chini na madumu matupu, kwa hiyo naandika mbiombio.

Jana wamempima Aikande kwa picha. Mama, ule uvimbe wa kwenye figo umepungua! Umekaribia kuwa nusu. Daktari amesema dawa imeshika. Nililia palepale mpaka Sista Pamela akanipa karatasi ya kujifutia. Lakini amesema pia, nami nakuandikia kwa herufi kubwa: SAFARI BADO. Kuna dozi nyingine, halafu operesheni ya kutoa lile figo bovu, halafu dawa tena miezi kadhaa.

Nywele zimeisha zote. Anasema ana kichwa cha babu yake wa kwenye picha ya ukutani. Baba yake, mwanao Praygod, bado yuko mlimani akiongoza wageni, atashuka Jumamosi, umpe wewe hizi habari.

Kuhusu simu, makubaliano ni yaleyale. Sitapiga kwa jirani Mama Ezra ila kwa lile jambo tusilolitaja. Ukiona barua, ujue tupo.

Mwanao,
Mama Aikande


Marangu
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mama Aikande mwanangu,

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Mimi ni mzima, ng'ombe mzima, na magoti yangu leo hayanidai chochote. Barua yako niliisomea zizini mara tatu.

Jana ibada ya kwanza nilikwenda mbele na jogoo wa shukrani. Nilipanga kusema uvimbe umepungua. Kweli kabisa nilipanga hivyo. Lakini nilipowatazama wale akina mama walioamka nami alfajiri wiki sita kumwombea mtoto, neno likanitoka lenyewe: "Mjukuu wangu amepona!" Yesu wangu, kanisa zima likasimama. Waliimba mpaka mimi nikasikia, na unayajua masikio yangu. Nje kwenye mnada wa sadaka, Mzee Eliudi wa utani mwingi alimnadi yule jogoo huku machozi yanamtoka.

Praygod alikuwa benchi la nyuma, ametoka mlimani hata viatu hajabadili. Alikuja mbele akapiga magoti. Mwanangu yule hajapiga magoti kanisani tangu kipaimara. Wazee wa kanisa wamepanga ibada ya shukrani hapa nyumbani Jumamosi tarehe 8 Machi, na mbuzi ninaye. Praygod atakuja Alhamisi kuwachukua. Hayo mengine ya hospitali mtamalizia baadaye, kama yatahitajika.

Mama yako,
Bibi yake Aikande


Moshi
Jumatano, 19 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mama, umesema nini mbele ya watu? Nani alikwambia amepona? Mimi nilikuandikia nusu.

Praygod amenipigia simu jana. Nimemweleza dozi hii haiwezi kurukwa. Anajibu, "Mama ameshamshukuru Mungu mbele ya usharika. Nikimrudisha mtoto kwenye dripu nitakuwa namwambia Mungu hajafanya kitu." Daktari naye amezungumza naye kwenye simu, kwa upole, mpaka salio likaisha. Kama ukuta.

Mama, mimi pia naomba. Naomba kila chupa inapotundikwa. Nani amesema Mungu hayumo kwenye ile chupa? Praygod anakusikiliza wewe peke yako. Mzuie. Mwambie tu ulikosea neno, basi, yaishe. Thadeus atakukabidhi barua hii leo jioni, na kesho asubuhi ndiyo mwisho.

Nakusihi,
Mama Aikande


Marangu
Alhamisi, 20 Februari 2025, alfajiri

Mama Aikande,

Salamu. Barua hii anaibeba Praygod mwenyewe. Nimeipata yako na sijalala vizuri.

Neno lililotoka madhabahuni halirudishwi kama sufuria ya kuazima. Nikisema nimekosea, akina mama wale watakuwa waliimba nini? Njooni. Wiki mbili tatu haziui mtu, mtoto ale mtori wa ndizi za nyumbani apate nguvu. Baada ya tarehe 8 tutaona.

Mama yako


Moshi
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Nimekuamkia kwa sababu nilifunzwa, siyo kwa sababu moyo unataka. Aikande yupo. Hilo ndilo la kukujulisha kwanza.

Tumerudi wodini Jumanne iliyopita. Unajua tulivyoondoka kwako baada ya karibu wiki tatu bila dawa: kabla ya jua, nyuma ya gari la Thadeus katikati ya madumu, mtoto mgongoni, bila kuaga mtu. Nasikia Praygod anatangaza kwamba nimemwibia mtoto. Akuulize wewe. Jumamosi ile watu wanakula mbuzi uani, tulikuwa wawili chumbani tunamvalisha Aikande lile gauni jeupe nililomshonea Krismasi, na zipu ikakataa kufunga. Ukapapasa tumbo upande wa kushoto. Ukanitazama. Halafu ukasema, "Ni mtori, amekula sana." Mama, mtoto yule alikuwa hajala tangu juzi yake! Ukamfunika khanga mabegani, ukamtoa nje watu wamwone.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Uvimbe sasa ni mkubwa kuliko siku ya kwanza. Wamemwanzishia dawa kali zaidi, anatapika mpaka anaomba msamaha kwa kutapika. Operesheni imepangwa Jumatano tarehe 2 Aprili, na wanataka ndugu wachangie damu kabla ya siku hiyo.

Nimewapigia watu kumi na wawili. Wananijibu, "Lakini Mama Aikande, si alishapona? Bibi si alishuhudia?" Aikaeli wa kwaya ameniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba uvimbe umerudi kwa sababu mimi nimemrudisha mtoto hospitali. Praygod simu yangu hapokei. Aikande anauliza baba yuko mlima gani siku zote hizi.

Sitaki pole, Mama. Lile neno ulilitoa wewe mbele ya watu, na wewe tu ndiye unayeweza kulichukua. Mimi nikilisema, itakuwa mkwe asiye na imani amesema. Zimebaki siku kumi na sita.

Yuditha


Marangu
Jumatatu, 24 Machi 2025

Yuditha mwanangu,

Ukifungua bahasha utakuta jani la sale limepigwa fundo. Halikuingia kwa bahati mbaya. Nimelikata kwenye uzio wa kaburi la baba mkwe wako. Tangu nizaliwe sijaona mama mkwe akimpelekea mkaza mwana wake sale, maana wadogo ndio huwapelekea wakubwa kuomba msamaha. Lakini anayepeleka ni aliyekosa, na aliyekosa ni mimi. Nisamehe.

Nilijua. Vidole vyangu vilijua palepale kwenye zipu. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kwamba uongo ni dhambi, nikaja kudanganya huku nimeshika tumbo la mjukuu wangu. Mungu wala sikumwogopa siku ile. Niliwaogopa watu waliokuwa wanakula mbuzi wangu.

Jana nilikwenda mbele. Mchungaji akatabasamu, akadhani nimeleta shukrani nyingine. Nilikuwa na yai moja tu kwenye leso. Nikawaambia: "Mwezi uliopita nilisema hapa kwamba mjukuu wangu amepona. Hakuwa amepona. Daktari alisema uvimbe umepungua, nami nikaongeza la kwangu. Mungu alikuwa bado yuko kazini, mimi nikamshika mkono nikamwambia imetosha. Sasa mtoto ana hali mbaya na anahitaji damu. Msimseme mama yake. Katika nyumba yetu mwenye imani ni yeye, kwa sababu alibaki na mgonjwa mimi nilipokimbilia sherehe. Yai hili ni la shukrani ya wiki hii peke yake. Wiki hii Aikande yupo. Ya wiki ijayo siyajui."

Kimya. Kiziwi amezoea kimya, lakini hiki nilikiona kwa macho. Wamama wawili wa benchi la mbele walitoka. Aikaeli aliinama akawa anafungua na kufunga kitabu cha nyimbo. Niliona aibu, Yuditha, nikatamani sakafu inimeze. Kwenye mnada Mzee Eliudi alilishika lile yai, safari hii hana utani wowote. Akakunja mkono wa shati akauliza kwa ile sauti yake ambayo hata mimi naisikia, "Damu yangu ina miaka sitini na mbili, wataipokea?"

Praygod alitoka kabla ya baraka. Nilimkuta zizini anamkatia majani ng'ombe ambaye ameshashiba. Akanipigia kelele sikioni, "Mama, ulinipigisha magoti mbele za watu!" Nikamjibu, "Ndiyo. Sasa kapige mengine mbele ya mkeo." Alilia kama alivyolia siku baba yake alipofariki. Kesho anashuka kwa gari la Thadeus pamoja na Eliudi na watu saba. Thadeus mwenyewe, Mkatoliki wetu, naye atatoa.

Huna haja ya kunijibu.

Mama yako aliyekukosea


Moshi
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

Tupo. Sote watatu.

Sale lako nimelipokea. Wewe nawe mjanja, unajua halikataliwi. Nimeliweka ndani ya Biblia yangu na bado nina hasira, Mama, sikufichi. Asubuhi nakusamehe, ikifika saa za dawa hasira inarudi, kesho yake naanza upya. Nivumilie hivyo hivyo.

Operesheni ilichukua saa tano. Figo la kushoto limetoka na uvimbe wake. Alitumia damu chupa mbili. Praygod alipiga magoti kweli, kwenye korido, wahudumu wanapita na vitoroli, nikamwambia anyanyuke anazuia njia. Tangu hapo hajaondoka. Amemwachia mwenzake wageni wake, analala kwenye kiti. Aikande anamwambia, "Baba unakoroma kama trekta."

Umeuliza kupitia kwa Thadeus ushukuru nini Jumapili. Nitakwambia, lakini usiongeze hata chumvi. Daktari alisema sasa tunalisubiri figo lililobaki lifanye kazi peke yake. Tulisubiri siku mbili tukitazama ule mfuko wa mkojo. Jana saa kumi jioni mtoto amekojoa. Sista Pamela alipiga makofi. Basi, shukuru kwa hilo.

Mwanao,
Mama Aikande


Marangu
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mama Aikande mwanangu,

Huku salama, mvua imeshika, migomba inacheka. Hasira yako iache ije na kwenda, ina haki.

Sikuongeza chumvi. Jumapili ya wiki iliyopita nilisimama na yai langu nikasema, "Namshukuru Mungu, mjukuu wangu amekojoa." Kwaya ya vijana walicheka hadi wengine wakainama chini ya benchi. Mchungaji akashika mdomo. Halafu Mzee Eliudi, ambaye mwenyewe ana shida ya kibofu, akasema kwa sauti kuu, "Msicheke! Hamjui hiyo ni neema ya namna gani!" Hapo hata mimi nilicheka. Jana nimepeleka yai kwa kuwa amekaa kitandani bila kushikwa. Sasa watu wananisimamisha njiani, hawaniulizi kama amepona. Wananiuliza, "Bibi, yai la wiki hii ni la nini?"

Kuku anayetaga ni yule mwekundu wa Aikande mwenyewe. Mwambie anamsalimia.

Mama yako


Marangu
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mama Aikande mwanangu,

Salamu, ingawa sijui zinakukuta katika hali gani. Leo ni siku ya kumi na saba sina barua. Barua yako ya mwisho ilisema homa imeanza baada ya dawa na damu yake haina tena askari wa kumlinda. Tangu hapo Thadeus anarudi mikono mitupu. Anasema wamemhamishia mtoto chumba cha peke yake, hakuna anayeruhusiwa kupanda, na wewe na Praygod hamtoki.

Simu ya Mama Ezra siisikii, lakini naiona. Akiiweka sikioni na kugeuka upande wa kwangu, nashika nguzo ya kibaraza. Juzi alipigiwa, akaja anakimbia kwenye migomba, nikakaa chini palepale kwenye tope. Kumbe anataka kuazima jembe. Nilimtukana, Mungu anisamehe, na jembe nikampa.

Jana nilisimama mbele na yai, nikakosa la kusema. Zamani ningepata maneno mengi. Watu wakangoja. Nikasema, "Wiki hii sijui. Yai ni hili." Nikaliweka. Yule mama aliyetoka kanisani siku ile ya aibu alikuja akasimama nami, akanishika kiwiko mpaka nikarudi kwenye kiti.

Nilikuwa nikidhani imani ni kusema kwa nguvu. Sasa sina hata neno, ila siachi kwenda. Kama yupo, niandikie hata mstari mmoja. Kama hayupo, usimtume Mama Ezra. Njoo mwenyewe.

Mama yako


Moshi
Alhamisi, 15 Mei 2025

Mama, shikamoo. Yupo! Yupo, Mama, yupo.

Nisamehe kwa zile siku. Kalamu nilikuwa nayo, lakini kila nikianza kuandika "tupo" naogopa kwamba Thadeus atafika kwako na neno ambalo limeshakuwa uongo njiani. Sikutaka nifanye kama ulivyofanya. Usiku wa tarehe tano walituambia tukae karibu naye wote wawili. Sikuomba apone, niliomba apumue, halafu apumue tena. Praygod alishika miguu yake midogo mpaka kukapambazuka.

Jumanne homa ilishuka. Jana pia haikupanda. Daktari hasemi amepona, na mimi sisemi. Zimebaki dozi za miezi mitatu, halafu miaka ya kupimwapimwa.

Sasa sikiliza. Praygod alikuwa akimsimulia kila Jumapili habari za yai lako, hata alipokuwa hafungui macho. Leo asubuhi amefungua, akatutazama kwa ukali, akasema kwa kasauti ka mbu, "Kwa nini Bibi anapeleka yai langu kanisani? Kuku ni wangu. Nataka kulila mimi." Mama, siku kumi na sita hajataka hata kijiko cha uji!

Sista Pamela ameruhusu, liwe limechemshwa mpaka kiini kigumu. Jumapili hii usiende na yai. Lilete huku.

Mwanao,
Mama Aikande


Marangu
Jumatatu, 19 Mei 2025

Yuditha mwanangu,

Mimi ni mzima, na safari hii sisemi kwa desturi ya barua.

Yai nililichemsha Jumamosi alfajiri, nikalisimamia kwenye jiko kama mtoto wa kwanza, nikalifunga kwenye leso yangu na kumkabidhi Thadeus. Alasiri akarudi na leso. Nilipoifungua nikakuta maganda uliyonirudishia. Aika, asante mwanangu. Nimeyahesabu vipande, nikayabusu, ng'ombe ni shahidi.

Jana wakati wa shukrani niliinuka, nikaenda mbele mikono mitupu. Nilimwona Aikaeli ameziba mdomo. Nilimwona Mzee Eliudi amesimama nusu, ameshika benchi, uso umemshuka, maana tangu Machi hawajaniona pale bila yai. Mchungaji akaniinamia sikioni akauliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za msiba, "Bibi, yai liko wapi?"

Nikafungua leso, nikawaonyesha yale maganda.

"Limeliwa," nikasema.

Mama yako,
Bibi yake Aikande

Mwambie kuku bado anataga.